Namba Kumi na Saba

Muuguzi Justa alipoingia saluni akakaa kwenye benchi la wateja bila kuvua kilemba chake, Tabu alijua hakuja kusukwa. Alimalizia kichwa cha dada aliyekuwa mbele yake, akamsindikiza mpaka mlangoni, kisha akarudi akaketi ubavuni mwa Justa.

"Nisaidie, Mama Amira," Justa alisema. "Wanawake wamenikimbia."

"Umewafanya nini?"

"Nimewaomba nywele."

Tabu alicheka, halafu alipoona mwenzake hacheki akanyamaza.

Mwandulu ilikuwa kijiji cha pamba na ng'ombe kabla dhahabu haijaonekana. Sasa yalikuwa maduara, mashimo ya kuchimbia, kila upande, na makarasha ya kusaga mawe yalinguruma kutwa nzima mpaka watu wakawa wanazungumza kwa sauti kubwa hata wakiwa msibani. Kina mama waliosha mchanga mwaloni, kwenye madimbwi ya kuoshea, na kuuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu ili ikamate chembe za dhahabu. Kilichopatikana, donge jeupe la kubana kiganjani, kilipelekwa sokoni kwa wanunuzi, na wanunuzi walikichoma kwa moto mkali. Zebaki iliondoka kama moshi na dhahabu ikabaki, njano na safi. Maduka ya wanunuzi yalikuwa manane, yamesimama katikati ya soko, baina ya mama ntilie na mafundi cherehani. Duka moja lilikuwa la Salmini, mume wa Tabu. Mwaka waliohamia kutoka Kahama alimjengea mkewe saluni ubavuni mwa duka hilo, chini ya paa lile lile, ukuta wa bati ukiwa katikati.

Kwa miaka miwili Justa alikuwa ameona mambo pale zahanati ambayo hayakumpa raha. Mimba zilitoka. Watu wazima wasio na malaria wala sukari walitetemeka mikono, walisahau majina ya watoto wao, waligombana na majirani kwa jambo la kipuuzi. Yeye na kikundi cha akina mama waliandika barua wilayani, wakaomba uchomaji wa dhahabu uhamishwe kutoka sokoni. Walijibiwa kwa adabu kwamba walete ushahidi. Ndipo Justa akawapata watafiti wa chuo kimoja waliokubali kuja kupima watu wasiopungua arobaini, mkojo na nywele.

"Mkojo hawana neno," Justa alisema. "Nywele ndiyo shida. Wamesema nimewauza."

Hakuhitaji kufafanua. Katika nchi ya dhahabu hakuna asiyejua kwamba duara likigoma kutoa mali, wapo wenye maduara wanaokwenda kwa mganga, na mganga huwatuma wakalete hiki na kile cha mwili wa mtu. Nywele za mwanamke aliyezaa hazikosekani kwenye orodha hiyo.

"Wewe unashika vichwa vyao mwaka wa saba sasa," Justa aliendelea. "Wewe watakusikiliza."

Tabu aliitazama sakafu, nywele zilizokatika zikiwa zimejikusanya kwenye pembe. Alikuwa mgeni pale, mtu wa Tabora, Kisukuma chake cha kuombea maji. Lakini ilikuwa kweli. Wanawake wa Mwandulu waliinamisha vichwa mapajani mwake, wakafumba macho, wakamwambia mambo ambayo waume zao hawakuwahi kuyasikia.

"Nitajaribu," alisema.

Jioni alipomweleza Salmini, mumewe alitikisa kichwa kwa kuunga mkono. Hakuwa mtu wa roho mbaya. Mgonjwa akizidiwa, gari lake ndilo lililomkimbiza Shinyanga, na hakumkumbusha mtu fadhila.

"Wapimeni," alisema. "Huko mwaloni kina mama wanaichezea zebaki kama wanakanda unga. Nimesema mara ngapi? Labda wakionyeshwa karatasi watasikia."

Aliyeanza alikuwa Lusia, mwanamke mwembamba aliyeosha mchanga tangu mwalo wa kwanza uchimbwe. Alikuja Ijumaa asubuhi kusuka twende kilioni.

"Mwangaluka, mayu," Tabu alimsalimia.

"Mwangaluka. Leo usinibane sana, kichwa kinauma."

Tabu alichana, akagawa nywele, akaanza kusuka. Alipofika katikati ya kichwa akamwambia habari ya wapimaji. Lusia alifumbua macho.

"Hizo nywele zitakwenda wapi?"

"Maabara. Mjini."

"Nani kasema?"

"Justa."

"Justa naye kaambiwa." Lusia aligeuza shingo, msuko mmoja ukiwa mkononi mwa Tabu. "Wewe ukishatusuka, tunaondoka. Nywele zinabaki chini hapo. Miaka yote hii unazipeleka wapi?"

Tabu alichukua ufagio. Alizifagia nywele za asubuhi ile, akamshika Lusia mkono, akampeleka nyuma ya saluni kwenye shimo dogo lililojaa majivu. Akawasha kiberiti. Harufu kali ya nywele zinazoungua iliwapanda puani wote wawili.

"Kila siku kabla sijafunga," Tabu alisema. "Sijawahi kumwachia mtu unywele wenu hata mmoja."

Lusia aliangalia mpaka moto ulipozimika. "Mimi nimezika mimba mbili," alisema taratibu. "Mama mkwe anasema ni mizimu ya kwetu. Kama kuna karatasi ya kusema ni kitu kingine, nitatoa nywele. Lakini nikate mwenyewe, na nifunge bahasha mwenyewe."

Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Watafiti walipofika, kila mwanamke alikata nywele zake kwa mkono wake ndani ya saluni, akafunga bahasha, akaandikiwa namba badala ya jina. Watu arobaini na watatu walijitokeza, wanaume kumi miongoni mwao. Tabu naye alitoa ili wengine wasione anawasukuma mahali asipokwenda mwenyewe. Alipewa namba kumi na saba.

Miezi mitatu ilipita. Siku majibu yalipofika, Justa alimwita Tabu zahanati, akafunga mlango, akatandaza mezani mchoro wa kijiji uliojaa vitone vyenye namba. Alikuwa amekonda uso.

"Tulidhani mwaloni ndiko kwenye hali mbaya," alisema. "Ni kubaya kweli, sikufichi. Lusia yuko juu. Lakini tazama hapa."

Kidole chake kilikuwa sokoni. Vitone vyekundu vilikuwa vimerundikana pale kama nzi kwenye donda. Mama ntilie wawili. Fundi cherehani. Muuza mitumba. Watu ambao hawakuwahi kugusa zebaki maishani mwao.

"Ni mvuke," Justa alisema. "Zebaki ikichomwa haipotei. Watu wanaivuta. Ikipoa inatua kwenye kuta, kwenye nguo, kwenye chakula. Kwenye mkojo wa hawa watu ndiko ilikoonekana." Akakisogeza kidole. "Namba kumi na saba imewapita wote."

Tabu alisikia, na kwa kitambo hakuelewa kwamba anayezungumziwa ni yeye. Kisha akaitazama mikono yake juu ya meza. Ilikuwa ikicheza kidogo, kama ilivyocheza tangu mwaka uliopita. Alikuwa amejiambia ni uchovu. Mteja mmoja aliwahi kushika kioo akauliza kwa mzaha kwa nini mstari wake umepinda kama njia ya ng'ombe, na Tabu akasingizia mwanga hafifu.

"Salmini anachoma dirisha likiwa wazi mgongoni kwake," alisema polepole. "Upande wangu hakuna dirisha. Kuna uwazi tu juu ya bati."

"Ndiyo."

"Amira analala pale." Mtoto wake wa miaka saba alikuja saluni kila siku akitoka shule, akatandika kanga chini ya ukuta ule wa bati, akalala mpaka alasiri. Mwalimu alikwisha kumwita Tabu mara mbili kumwambia kwamba mtoto amekuwa mzito, akifundishwa leo kesho hakumbuki. Na Tabu alimchapa. Kwa mkono huu huu alimchapa, akimwita mvivu.

"Hatujampima Amira," Justa alisema. "Hatujui. Kwanza mtoe pale. Na wewe toka pale. Mengine tutayajua baadaye."

Alikusudia kumwambia mumewe siku ile ile. Lakini habari za mchoro zilikuwa zimeshafika sokoni kwa njia zake, na Salmini, aliyekuwa katibu wa wanunuzi, alirudi nyumbani amefura.

"Baba Amira, kuna jambo la vipimo nataka..."

"Usiniletee habari za Justa humu ndani!" alisema. Hakuwa na kawaida ya kumkatiza. "Wanataka kututoa sokoni. Watu wanachezea sumu kwa mikono yao, halafu mwenye makosa ni mnunuzi. Tulipowachimbia watu kisima hatukuwa sumu. Leo tumekuwa sumu."

Tabu aliikunja karatasi ya majibu aliyopewa na Justa, akairudisha kwenye mkoba. Kesho yake alimwambia Amira asije tena saluni, abaki kwa jirani. Mtoto alilia, akidhani ameadhibiwa. Yeye mwenyewe aliendelea kufungua saluni, kwa kuwa hakujua angemwambia mumewe anafunga kwa sababu gani, na kila aliposikia upande wa pili moto wa gesi ukivuma, alibana pumzi mpaka kifua kikamuuma. Siku kumi zilipita hivyo.

Mkutano wa hadhara uliitishwa Jumamosi kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji, Bujiku, mzee mpole aliyependa kila mtu aondoke ameridhika, alimpa Justa nafasi kwanza. Justa alieleza kwa Kiswahili, na mtu mmoja akafasiri kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee waliokuja na fimbo zao. Hakumtaja mtu kwa jina. Alionyesha mchoro. Akasema wanaomba jambo moja tu, maduka yabaki sokoni lakini uchomaji uhamie ng'ambo ya korongo, mbali na chakula na watoto, na zebaki ichomwe ndani ya chombo cha kuinasa isiruke.

Kisha Salmini akasimama kwa niaba ya wanunuzi. Alikuwa na sauti nzuri, na Tabu, aliyekaa nyuma na wanawake, alikumbuka kwamba ni sauti hiyo iliyomtoa Tabora.

"Ndugu zangu," alisema, "sisi ni wenzenu. Tumezika pamoja, tumeozesha watoto pamoja. Mimi nachoma dhahabu mwaka wa kumi na mbili na nimesimama hapa mbele yenu mzima. Ng'ambo ya korongo hakuna mlinzi, hakuna umeme. Mtu akiuawa kule kwa ajili ya mzigo wake, Justa atamfufua?"

Baadhi ya watu walicheka. Hoja haikuwa ya kipuuzi, hata Tabu aliona hivyo.

"Na hivi vitone," Salmini aliendelea, akiupiga mchoro kwa ukucha, "vitone havina uso. Namba nne, namba tisa, namba kumi na saba. Huyu kumi na saba aliyetiwa wino mkubwa kuliko wote ni nani? Yuko wapi? Kama ni mtu wa kweli, mgonjwa wa kweli, asimame tumwone, tumpe pole. Kama hasimami, basi jamani tusifunge riziki za watu kwa ajili ya wino."

Watu walinong'ona. Justa aliinamisha macho. Alikuwa ameapa kutomtaja mtu mbele ya watu na hakugeuka hata kidogo upande wa Tabu.

Baadaye watu walisema msusi yule alikuwa amejipanga, kwamba walikuwa wamekubaliana na muuguzi. Haikuwa kweli. Tabu alikuja mkutanoni akiwa ameamua kunyamaza. Alikuwa akimwangalia mumewe akiwa amenyoosha mkono kuuonyesha umati, akingoja, na akaona kwamba ana hakika. Hakuna atakayesimama, na jambo litaisha hapo, na Jumatatu moto utavuma tena nyuma ya bati. Miguu yake ilinyanyuka kabla hajaipa ruhusa.

"Namba kumi na saba ni mimi," alisema.

Hawakumsikia vizuri mbele. Bujiku akaweka mkono sikioni. "Nani huyo? Paza sauti, mama."

"Ni mimi, mwenyekiti. Tabu. Mama Amira." Alitoa karatasi mkobani, ikatikisika mkononi mwake mpaka watu wa karibu wakaisikia. "Sijawahi kuosha mchanga. Sijawahi kushika zebaki. Nimekaa saluni kwangu tu, nasuka."

Salmini alikuwa bado amenyoosha mkono. Aliushusha taratibu. Alimtazama mkewe, akaitazama karatasi, kisha mikono iliyoishika, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Kisha akaketi, pale pale chini kwenye vumbi, ingawa kiti chake kilikuwa hatua mbili tu nyuma yake.

Hakuna mwingine aliyesimama. Lusia, aliyekuwa namba tisa, alijifunika uso kwa kitenge. Bujiku alikohoa, akasema jambo hili ni zito, serikali ya kijiji italikalia kikao. Watu wakatawanyika bila makelele.

Nyumbani, Salmini alikaa kwenye kigoda uani muda mrefu bila kuvua viatu.

"Ungeniambia," alisema mwishowe.

"Nilikuja kukuambia."

"Ungeniambia tena."

Tabu aliweka mkoba wake chini. Ilikuwa kweli, na ule ukali wa mumewe siku ile ulikuwa kweli pia.

"Umenisimamisha mbele ya watu kama muuaji."

"Wewe ndiye uliyeniita nisimame, Baba Amira."

Aliinuka akaingia ndani. Hawakuzungumza tena juu ya jambo hilo kwa wiki nyingi. Hakumfukuza wala hakumpiga. Alimwachia pesa ya chakula kama kawaida, akamwomba chumvi alipohitaji chumvi. Tabu alipomwambia kwamba anampeleka Amira kwa bibi yake Tabora, Salmini aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kumfunga mtoto kamba za viatu, akachukua muda mrefu sana kuzifunga.

Serikali ya kijiji ilitoa amri baada ya wiki tatu. Uchomaji wote uhamie ng'ambo ya korongo, na mgambo wawili wawekwe kule. Wanunuzi watano walihama. Wawili walifunga milango ya mbele wakaendelea kuchoma kwa siri, na kila mtu alijua. Salmini hakufanya lolote kati ya hayo. Alifunga duka, akawa anashinda nyumbani, na wenzake walioshinda wakimtania kwenye kahawa hawakumpitia tena.

Tabu alipanga chumba kipya karibu na njia ya zahanati. Wateja walipungua. Kulikuwa na maneno kwamba ugonjwa wake unaambukiza, kwamba mikono ile ikikugusa kichwani nawe utaanza kutetemeka. Justa alipita nyumba kwa nyumba kukanusha, na wengine walimwamini. Lusia alikuja wiki ya kwanza. Aliketi chini bila salamu ndefu.

"Nilitakiwa kusimama," alisema. "Siku ile."

"Ulikuwa na sababu zako."

"Mama mkwe alikuwa mbele yangu. Niliogopa." Akainamisha kichwa. "Nisuke."

"Mistari itapinda, Lusia."

"Ipinde."

Tabu alisuka. Akamuuliza kama bado anaosha mchanga, na Lusia akasema anaosha, atakula nini, ila sasa anavaa glavu ambazo Justa aligawa, na zimeshatoboka vidole viwili. Walizungumza hayo kwa sauti ya kawaida, kama wanaozungumzia mvua iliyochelewa. Kazi iliyokuwa ikimchukua Tabu saa moja ilichukua saa mbili na nusu. Lusia alipojitazama kwenye kioo alishukuru kwa Kisukuma, wabeja, akaondoka bila kufunika kichwa, akapita katikati ya soko.

Mwezi wa tano baada ya mkutano, kwenye saa nne asubuhi, Tabu alikuwa akipanga vitana alipoona kivuli mlangoni. Alikuwa Salmini, amevaa kanzu kana kwamba ni Ijumaa. Hakuwahi kukanyaga chumba kile. Aliangalia madirisha mawili yaliyofunguliwa, akaangalia juu, akaangalia kila mahali ila usoni kwa mkewe.

"Nimesikia Justa anapima tena," alisema.

"Leo na kesho."

"Asubuhi hizi nashindwa kufunga vifungo." Alisema hivyo haraka, kama mtu anayetema kitu. "Tangu kabla ya mkutano. Nilisimama pale nikawaambia watu mimi ni mzima, na vifungo vya shati nilifungiwa na Donatus wa duka la pili."

Tabu aliweka kitana chini. Alitamani kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa kizito zaidi na hakikuwa na jina.

"Sitaki kwenda peke yangu," Salmini alisema.

Tabu alitafuta ufunguo, akafunga mlango. Walitembea kuelekea zahanati bila kushikana wala kuongea, jua likiwa limepanda na makarasha yakinguruma upande wa pili wa kijiji. Watu waliokuwa barabarani waliwasalimu, "Shikamoo," na Salmini akaitikia "Marahaba" kila mara, kwa sauti ya chini. Kwenye benchi la nje walikuwapo watu sita mbele yao. Tabu alisogea akampisha mumewe nafasi, naye akaketi, akaiweka mikono yake juu ya magoti mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.